Kurudi kwenye pikipiki ya matairi matatu baada ya ajali

Aliyezoea matairi mawili akihamia kwenye matatu, ajali yake ya mwanzo mara nyingi haitokani na uzembe. Kichwani anajua amekalia chombo kingine, lakini mikono na miguu yake bado inaendesha kile cha zamani. Ndiyo maana kupona na kutengeneza chombo hakutoshi. Tabia iliyomwangusha ipo palepale, na sasa imeongezewa woga. Anza na mwili, kisha chombo, kisha sababu ya ajali, halafu mazoezi ya uwanjani. Barabara inakuja mwisho.

Maelezo haya ni ya pikipiki zisizolala kwenye kona: zenye matairi mawili mbele kama Can-Am Spyder, zenye mawili nyuma kama Harley-Davidson Tri Glide, na zile za mizigo zenye tairi moja mbele. Zinazolala, kama Piaggio MP3 na Yamaha Niken, usukani wake unafanya kazi kama wa matairi mawili, kwa hiyo mazoezi ya kona yaliyo hapa hayazihusu. Yenye behewa la pembeni nayo ina somo lake, maana kona ya kushoto na ya kulia kwake ni vitu viwili tofauti.

Mwili

Kama kichwa kiligongwa, hata ukiwa na helmeti, rudi hospitali mara moja ukiona lolote kati ya haya: kutapika kunakorudiarudia, maumivu ya kichwa yanayozidi, usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa, degedege, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko nyingine, au majimaji yanayotoka puani au masikioni. Anayetumia dawa za kuzuia damu isigande aende hata kama anajisikia mzima.

Ubongo uliotikiswa hutaka siku moja au mbili za mapumziko, kisha kurudi polepole kwenye shughuli nyepesi kama kutembea. Usiendeshe mpaka kizunguzungu, kichwa kuuma na ukungu wa mawazo viishe kabisa na daktari akuruhusu. Hatari yake ni kwamba unaweza kujisikia vizuri ukiwa umekaa, huku uamuzi wako barabarani ukiwa bado mzito.

Mbavu zilizovunjika huchukua takriban wiki 6. Katika muda huo vuta pumzi ndefu mara kadhaa kila saa unapokuwa macho, ingawa inauma, kwa sababu pumzi fupi hukusanya makohozi na kuleta nimonia. Mtulinga, yaani mfupa ulio kati ya shingo na bega, kwa mtu mzima huchukua wiki 6 hadi 12. Kifundo cha mkono kinaweza kuunga ndani ya wiki 6 hadi 8, lakini nguvu ya kushika hurudi baadaye sana, na hiyo ndiyo unayoihitaji kwenye breki. Kama umelala au umefungwa plasta mguuni, shavu la mguu likivimba na kuuma, au ukibanwa pumzi ghafla, hiyo ni dharura: damu inaweza kuwa imeganda.

Wengi hushauriwa wahamie kwenye matairi matatu kwa kuwa ni mepesi kwa mwili ulioumia. Kwa miguu ni kweli, kwa sababu huhitaji kubeba uzito wa chombo ukisimama. Kwa mikono si kweli. Usukani wa pikipiki isiyolala ni mzito zaidi kwenye kona: unausukuma na kuuvuta kwa mabega, na mtikisiko wa kila shimo unakuja moja kwa moja mkononi. Kwa hiyo aliyevunjika mtulinga asidhani kwamba matairi matatu yatamrudisha barabarani mapema.

Daktari akishakuruhusu, jipime chombo kikiwa kimezimwa:

- Panda na ushuke mara 5 bila kujivuta kwa usukani.
- Bana mkono wa breki, au kanyaga pedali, kwa nguvu zako zote kama unayekwepa kugonga. Rudia mara 20. Nguvu ikipungua sana kabla ya kumaliza, bado.
- Geuza usukani mpaka mwisho kushoto na kulia mara 20.
- Geuza shingo uangalie nyuma ya kila bega bila kuzungusha kiuno.

Dawa kali za maumivu, hasa za jamii ya mofini, pamoja na zile za kulegeza misuli zinazoleta usingizi, haziendi na usukani. Kama bado unazihitaji ili ukae kwenye kiti, basi hujawa tayari. Helmeti iliyopata kishindo itupe hata kama haina ufa: povu gumu la ndani hujibana mara moja tu, halirudi.

Chombo

Fundi akikuambia kimepona, mshukuru, kisha kipime tena mwenyewe. Mwanga mzuri, futi ya kupimia na nusu saa vinatosha.

Anza na mstari wa matairi. Usukani ukiwa umenyooka kabisa, pima kutoka katikati ya ekseli ya mbele hadi katikati ya ekseli ya nyuma upande wa kushoto, kisha wa kulia. Tofauti kubwa kuliko ile inayoruhusiwa na kitabu cha chombo inaonyesha ekseli imesogea au fremu imepinda. Kwa yenye matairi mawili mbele, pima pia umbali kati ya matairi hayo kwa mbele, halafu kwa nyuma yake, kwa kimo kilekile cha katikati ya gurudumu. Vipimo viwili hivyo vikiachana kuliko kitabu kinavyosema, tairodi, yaani fimbo ya chuma inayounganisha usukani na gurudumu, imepinda au imelegea. Dalili yake barabarani ni chombo kuvuta upande mmoja na tairi kulika ukingo mmoja kwa haraka.

Inua kila gurudumu na ulizungushe huku umeshikilia kijiti karibu na rimu. Rimu ikiyumba zaidi ya milimita 2, kwa pikipiki nyingi hiyo imeshapita kikomo. Shika gurudumu juu na chini ulitikise: likigonga, beringi au boljointi (kiungo cha duara kinachobeba gurudumu) imeumia. Lishike kushoto na kulia: likicheza, tazama tairodi.

Kagua hozi za breki mahali zinapopita karibu na fremu, maana kishindo huzibana pasipoonekana kirahisi. Mkono wa breki au pedali ikishuka polepole ukiwa umeibana, kuna uvujaji. Vuta mafuta kisha achia, usukani ukiwa katikati, mwisho wa kushoto na mwisho wa kulia. Lazima mafuta yajirudishe yenyewe kila mara. Waya uliobanwa na fremu iliyopinda unaweza kuvuta mafuta wenyewe unapokata kona, na kwenye chombo kisicholala hilo ni jambo la kutisha.

Upepo wa matairi upimwe yakiwa ya baridi, na matairi mawili ya ekseli moja yawe sawa. Upande mmoja ukipungua, chombo kinavuta huko, nawe utadhani ni woga wako. Kama usukani unatikisika kwa spidi ndogo, jambo linalotokea kwa pikipiki za matairi mawili zilizogeuzwa kuwa matatu, anza na upepo, kisha beringi za shingo ya usukani, ndipo ufikirie kufunga kizuia mtikisiko.

Ajali ilitokana na nini hasa

Neno "niliteleza" halikusaidii. Tafuta kosa lilikoanzia.

*Ulitoka nje ya kona.* Kwenye matairi mawili, ukitaka kwenda kushoto kwa spidi unasukuma mkono wa kushoto mbele, chombo kinalala, kinaingia kona. Wengi hufanya hivyo bila kujua wanafanya. Kwenye matatu yasiyolala, kusukuma mkono wa kushoto mbele kunageuza magurudumu kwenda kulia, basi. Ukishtuka, mwili unarudia mtindo ule wa zamani na unakupeleka kulekule unakokimbia. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, na ndilo linalohitaji mazoezi marefu.

*Tairi la ndani liliinuka, au chombo kilipinduka.* Nguvu inayokisukuma chombo nje ya kona hupanda kwa mraba wa spidi. Kwenye kona yenye nusu kipenyo cha mita 10, kwa kilomita 20 kwa saa nguvu hiyo ni karibu theluthi ya uzito wa chombo. Kwa kilomita 30 inafika karibu asilimia 70, na vyombo vingi virefu vyenye mzigo vitakuwa vimeshainuka. Kilomita 10 tu zimezidisha nguvu zaidi ya mara mbili. Chenye tairi moja mbele kina mtego mwingine: ukikanyaga breki katikati ya kona, uzito unakimbilia mbele, mahali ambapo kuna mguu mmoja tu wa kusimamia, na chombo kinaanguka kimshazari kuelekea pembe ya mbele ya nje. Chenye mawili mbele huvumilia breki kwenye kona vizuri zaidi. Udhaifu wake ni tairi la nyuma kuteleza ukivuta mafuta mengi kwenye mchanga au maji.

*Tairi la nyuma liligonga ukingo, jiwe au mtu.* Macho yako yanaongoza gurudumu la mbele, na la nyuma lililo pembeni linafuata njia yake, tena kwenye kona linakata ndani zaidi.

*Mguu ulikanyagwa.* Uliushusha chini ukisimama, kama ulivyozoea, na tairi la nyuma likaupanda. Vifundo vya miguu huvunjika hivi kwa spidi ya kutembea.

*Breki haikuwepo mkononi.* Can-Am Spyder haina mkono wa breki ya mbele: pedali ya mguu wa kulia hukamata magurudumu yote matatu. Vidole vilivyozoea kubana vinashika hewa, na kila nusu sekunde inayopotea kwa kilomita 40 kwa saa ni zaidi ya mita 5.

*Uliingia kwenye shimo.* Gari hulipitisha shimo katikati ya magurudumu, pikipiki hulipita pembeni. Wewe una njia tatu ardhini na ya katikati haiko wazi, kwa hiyo shimo ulilolenga lipite katikati litalipata gurudumu lililo peke yake. Likwepe lote, au punguza spidi uchague gurudumu lipi liingie.

Mazoezi ya uwanjani

Tafuta eneo tambarare, gumu, lisilo na watu, lisilopungua mita 60 kwa 25. Beba chupa 10 za plastiki zilizotiwa mchanga kidogo ziwe alama, na mtu mmoja wa kukutazama. Usibebe abiria wala mzigo. Kila kipindi kisizidi dakika 40, kwa sababu mabega yakichoka unaanza kujifunza vibaya.

1. Miguu. Nenda mita 20 kwa kilomita 10 kwa saa, simama, ondoka, simama. Miguu haiachi sehemu yake mpaka breki ya kuegeshea imefungwa. Msimamizi akiona kisigino kimenyanyuka, anza kuhesabu upya. Lengo ni mara 30 mfululizo. Zoezi hili linachosha kwa wepesi wake na watu hulikata. Usilikate.

2. Duara. Panga chupa kufanya duara la kipenyo cha mita 20. Lizunguke kwa kilomita 10 kwa saa, raundi 5 kushoto, 5 kulia, kisha kwa 15. Kikomo ni 20. Vuta mkono wa ndani, sukuma wa nje, na uegemeze kifua kuelekea ndani ya duara. Mwili ukikaa wima utasukumwa nje, nawe utajishikilia kwa usukani na kuukaza bila kutaka. Banisha miguu kwenye tangi au kwenye kiti ili mikono ibaki na kazi moja tu. Angalia chupa ya tatu mbele yako, usiangalie iliyo karibu na gurudumu.

3. Kuhisi wepesi wa ndani. Kabla tairi halijainuka, kiti hukuambia: upande wa ndani unakuwa mwepesi na usukani unalegea. Ujue mwanzo wake kwa kilomita 15 hadi 20, usiutafute zaidi ya hapo. Ukiuhisi, achia mafuta taratibu, nyoosha usukani kidogo, egemea ndani zaidi. Usikamate breki kwa ghafla.

4. Nyoka. Weka chupa 6 kwa mstari, mita 9 kati ya moja na nyingine, upite katikati yake kwa kilomita 12 hadi 15. Utaangusha chupa kwa tairi la nyuma, na ndiyo faida yake: unajifunza upana wako kwa plastiki badala ya ukingo wa zege. Ukimaliza bila kuangusha, punguza nafasi iwe mita 7.

5. Breki ya dharura. Nyooka kwanza, kisha breki. Anza kwa kilomita 20, maliza kwa 30. Kwa 30 unakwenda zaidi ya mita 8 kila sekunde. Ongeza breki yenyewe, na kusimama kutakuchukua kama mita 14 tangu uone hatari. Pima kwa hatua zako. Kama unazidi mita 18 kwenye ardhi kavu, ama breki ina tatizo au mguu bado unaogopa.

6. Kukwepa. Hapa ndipo tabia ya zamani hujitokeza. Msimamizi asimame mbali, pembeni ya njia yako, akiwa na kitambaa kila mkono. Unakwenda kwa kilomita 15, na ukiwa mita 10 kabla ya chupa anainua kimoja, nawe unakwepa upande huo. Mkono ukisukuma kinyume, simama, rudi kwenye duara kwa raundi chache, kisha jaribu tena. Usipande hadi 20 mpaka umepata mara 20 bila kosa, upande uliobadilishwabadilishwa. Katika barabara halisi, mpangilio ni breki kwanza ukiwa umenyooka, kisha achia breki, kisha geuza.

Zoezi la 1 na la 6 ndiyo yanayobeba mengine yote. Kama una muda mchache, punguza nyoka.

Woga

Woga wa baada ya ajali huonekana mikononi: vidole vinakaza, viwiko vinanyooka, na chombo kinaanza kuyumba kwa sababu kila mtikisiko wa mwili unaenda kwenye usukani. Kunja viwiko, toa pumzi yote nje, tikisa vidole kimoja kimoja. Macho nayo hung'ang'ania kitu kinachoogopwa, na chombo hufuata macho. Jizoeze kutaja kwa sauti mahali unapokwenda: "kati ya chupa mbili", "mwisho wa kona".

Mahali ajali ilipotokea, pitia kwanza kwa miguu au ukiwa abiria wa gari, mchana, ukitazama barabara inavyokaa. Kama ndoto, picha za ajali zinazojirudia au kukwepa njia nzima vinaendelea zaidi ya mwezi mmoja, tafuta mtaalamu wa afya ya akili. Haya ni majeraha yenye tiba inayojulikana.

Barabarani

Safari za mwanzo ziwe za dakika 15 hadi 20, mchana, barabara kavu, magari machache. Barabara nyingi zimeinuka katikati ili maji yashuke, na chombo chenye matairi matatu kitavuta kuelekea ukingo muda wote. Kizuie kwa shinikizo dogo la kudumu. Ukipambana nacho kwa mivuto mikubwa, bega litaanza kuuma kabla ya safari kuisha, na kama ulivunjika mtulinga utajuta usiku.

Kona iingie kwa spidi ambayo hutahitaji breki ndani yake. Shika katikati ya njia yako: kukumbatia ukingo wa ndani kama ulivyofanya kwa matairi mawili kutalipeleka tairi la nyuma kwenye majani. Kwenye mteremko wa ubavuni, kona inayogeukia upande wa juu hupindua chombo kwa spidi ndogo kuliko uliyoizoea uwanjani. Na ukitumia gia ya nyuma, geuza shingo kila mara. Ulipokuwa na matairi mawili ulisukuma kwa miguu na kuona pande zote, sasa kuna mwili wa chombo nyuma yako.

Abiria au mzigo asubiri mpaka umerudia mazoezi ya 2, 5 na 6 bila kosa kwa siku tofauti. Ukianza kubeba, weka mzigo chini na mbele kidogo ya ekseli ya nyuma, ufungwe usihame. Mzigo ulio nyuma ya ekseli hunyanyua sehemu ya mbele, na gurudumu la mbele lisiloshika ardhi haligeuzi chombo chochote, hasa mlimani. Rudi uwanjani na mzigo huo mara moja kabla ya kuingia kona nao: spidi ya duara itakuwa ndogo kuliko ulivyodhani.

Kama bado unaendesha matairi mawili siku nyingine, mikono itachanganya kila unapobadilisha. Kabla ya kuondoka, zunguka duara dogo mara 3 kila upande na usimame mara 2 miguu ikiwa juu. Unaporudi kwenye matairi mawili fanya vivyo hivyo, ila hapo shusha mguu kila unaposimama, kwa sababu mguu uliojifunza kutoshuka utakuangusha kwenye taa za kwanza.